Mgongo wa Mheshimiwa

Katika nchi moja ambayo jina lake halitatajwa hapa, kwa sababu kulitaja kunahitaji kibali na ofisi ya vibali imefungwa kupisha sherehe za kufunguliwa kwake, viongozi walikuwa wakichapwa fimbo hadharani kila Ijumaa. Msishangae. Wananchi wenyewe ndio walioomba. Walikuwa wamechoka na hospitali zisizo na paa na barabara zilizoishia kwenye ramani, wakaandamana, wakachoma magari ya wakubwa, wakapiga kelele kwamba anayeiba achapwe mbele ya watu. Serikali ya nchi ile ni sikivu mno. Bunge lilikaa, likapitisha Sheria ya Uwajibikaji kwa Fimbo bila hata mbunge mmoja kupinga, wabunge wakapigiana makofi hadi viganja vikawaka moto. Kilichoongezwa ni kifungu kidogo tu, mwishoni kabisa, kwa herufi za ukubwa wa chawa: kwamba kiongozi mwenye majukumu mengi anaweza kuwakilishwa.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa kazi ya Mwakilishi wa Mwili, ambayo watu wa mitaani waliiita mgongo.

Wakati huo Mbelwa alikuwa kijana wa kidato cha sita aliyemaliza na kufaulu, lakini chuo kikuu kilikuwa na viti vichache na wakubwa walikuwa na watoto wengi. Akabaki nyumbani kwa mama yake, Bi Mwantumu, mjane aliyekaanga maandazi kwenye lango la soko. Aliomba kazi ya kufagia, akaambiwa inataka shahada ya mazingira. Akaomba kulinda geti, wakataka shahada ya ulinzi na uzoefu wa kuibiwa. Hata kantini ya wizara ilipotafuta mtu wa kuosha masufuria, ilimchukua bwana mmoja aliyeandika tasnifu juu ya masizi.

Basi redio ilipotangaza fursa kwa vijana wa kidato cha nne na cha sita wasio na shahada, Mbelwa aliacha unga mikononi mwa mama yake akasogelea kibanda cha jirani kusikiliza. "Wenye shahada wasijisumbue," mtangazaji alisema, "kwani imethibitika kitaalamu kwamba mtu mwenye shahada huuliza 'kwa nini' kabla ya fimbo ya pili."

Siku ya usaili alikutana na Sengo, rafiki yake waliyekaa dawati moja tangu kidato cha kwanza, jamaa mwenye kifua kipana na mkono mnene kama mchi. Walikumbatiana kwa furaha, kila mmoja akimwombea mwenzake apate.

Nyuma ya meza walikaa maprofesa watatu. Mmoja aliinuka, akamzunguka Mbelwa, akamtandika fimbo ya mgongo bila salamu. Mbelwa aliuma meno. Profesa wa pili akaandika kitu. Wa tatu akauliza, "Kijana, unajiona wapi miaka mitano ijayo?"

"Wodini, mheshimiwa."

Maprofesa walitazamana. "Huyu ana maono," mwenyekiti alisema, na hapo hapo Mbelwa akaajiriwa kuwa mgongo wa Mheshimiwa Jabali Mkunde, Waziri wa Madaraja. Sengo, kwa ajili ya ule mkono wake, hakufaa kuchapwa. Wakamfanya Afisa Fimbo.

*

Ijumaa ya kwanza ilikuja haraka kuliko Mbelwa alivyodhani. Daraja moja lilikuwa limekatika na basi la harusi juu yake, bibi harusi akaokotwa mbali sana na bwana harusi, na kamati ikagundua kwamba saruji ya daraja ilikuwa imeenda kujenga jumba la Waziri la kupumzikia. Hukumu ikatoka kabla ya chakula cha mchana.

Uwanja wa Uwajibikaji ulijaa hadi juu ya miti. Katikati palikuwa na jukwaa, na juu ya jukwaa benchi refu lenye mikanda ya ngozi. Pembeni, chini ya mwavuli, Mheshimiwa Mkunde alikaa kwenye kiti cha mto laini na sahani ya korosho magotini. Aliinuka, akaweka kiganja juu ya shingo ya Mbelwa, akatamka kiapo: "Wananchi, huyu ndiye mimi." Kisha akarudi kwenye korosho zake.

Walimlaza kifudifudi, wakakaza mikanda. Mbelwa hakuona tena uso wa mtu. Aliona mbao za jukwaa na viatu vya walinzi. Halafu akaona buti za Sengo.

"Mbelwa," Sengo alinong'ona, "nisamehe, ndugu yangu."

"Fanya haraka tu."

Fimbo ya kwanza haikuuma. Ilikuwa mshindo tu, kama mlango uliobamizwa na upepo. Maumivu yalikuja nyuma yake, yakapanda hadi kwenye meno. Ya pili ikatua juu ya ya kwanza. Katikati ya adhabu ngozi ilichanika, na Mbelwa akasikia damu yake ikitiririka ubavuni, ya moto, ikidondoka mbaoni. Alitaka kupiga kelele lakini pumzi ilikuwa imemwishia, akawa anafungua mdomo na kuufumba kama samaki. Kila fimbo ilipotua, Mheshimiwa kule mwavulini alitoa sauti ya "shhh!" na kujishika kiuno.

Ilipokwisha, Waziri alisogea kwenye kipaza sauti kwa mwendo wa kuchechemea.

"Ndugu wananchi," alisema, sauti ikitetemeka, "leo nimechapwa. Nimechapwa vibaya. Mwingine angekimbilia ng'ambo kutibiwa, lakini mimi nimebaki hapa na ninyi, nikivumilia. Nani kati yenu amewahi kuumia kwa ajili ya taifa kama nilivyoumia mimi leo?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Mama mmoja wa mbele alilia kwa huruma, akavua kanga yake ya mabegani akaomba Mheshimiwa afunikwe.

Bi Mwantumu alimkuta mwanawe hospitali, amelala kwa tumbo. Hakupiga yowe. Alikaa chini, akalowanisha kitambaa kwenye maji ya vuguvugu, akaanza kubandua shati lililogandia kwenye vidonda.

"Wamekupiga kwa kosa gani?"

"La daraja, mama."

"Wewe umejenga daraja lini?"

Mbelwa akasema, "Ni kazi ya serikali, mama. Ina bima."

Na kweli majirani walimwonea wivu. Mzee mmoja alifika hadi wodini kuuliza kama mwanawe wa kidato cha nne angeweza kusaidiwa kupata hata nafasi ya mgongo wa diwani.

*

Mheshimiwa Mkunde, baada ya kuona kwamba fimbo haziumi kama alivyokuwa akiogopa, aliingia kazini kwa ari mpya. Zamani aliiba saruji na kuacha nondo. Sasa alichukua na nondo. Madaraja yalianguka kusini, yakaanguka kaskazini, moja likaanguka mahali ambapo hapakuwa na mto. Kila lilipoanguka, Mbelwa alitolewa kitandani akapelekwa uwanjani, makovu yakichanika juu ya makovu.

Ndipo yeye na Sengo wakapatana. Sengo alijifunza kugeuza kiwiko dakika ya mwisho, fimbo ikatua kwa ubapa, ikalia paa! kama bunduki na kuacha wekundu tu. Mbelwa naye akajifunza kulia. Alilia kama mbuzi, akaita marehemu baba yake, akawataja malaika. Kwa miezi kadhaa mambo yakawa afadhali. Jioni walikaa pamoja nyuma ya soko, wakila maandazi ya Bi Mwantumu na kucheka kilio cha Ijumaa iliyopita.

Lakini Waziri alikuwa na sikio. Siku moja alimwita Sengo ofisini.

"Afisa," alisema kwa upole, "fimbo zako hazina heshima. Wananchi wanaona mgongo wangu hauvuji, wataanza kudhani makosa yangu ni madogo. Unanidhalilisha." Akafungua kabati, akatoa shati jeupe lililopasuliwa nyuma, sare ya migongo. Kifuani lilikuwa limeshonwa jina la Sengo. "Hili lipo tayari. Ijumaa nitatazama."

Ijumaa hiyo Mbelwa alikuwa ameshaanza kilio chake cha mbuzi pale fimbo ya kwanza ilipomvunja mbavu. Alishangaa kwanza, hata kabla ya kuumia. Alidhani Sengo amekosea. Ya pili ikamwonyesha kwamba hajakosea. Alijitahidi kugeuza shingo amwone rafiki yake usoni, mkanda ukamzuia. Alitapika damu juu ya mbao na kuzimia. Wakammwagia maji, akazinduka, wakaendelea.

Sengo alimtembelea wodini na machungwa kwenye mfuko. Alisimama mlangoni muda mrefu.

"Ungenipiga polepole," Mbelwa alisema.

"Nimekupiga polepole miezi yote. Wamenionyesha shati lenye jina langu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo niliogopa, Mbelwa. Unataka niseme nini? Wewe umezoea. Mimi sijawahi kuchapwa hata na mwalimu."

"Toka," Mbelwa alisema. "Toka na machungwa yako."

Sengo alitoka. Machungwa aliyaacha sakafuni, na Mbelwa hakuyagusa, yakaliwa na muuguzi.

*

Kisha likaanguka daraja la shule.

Lilikuwa daraja jipya, lenye utepe bado. Watoto wa shule ya msingi walikuwa wamepangwa juu yake na vibendera, wampungie Mheshimiwa aliyekuja kulizindua. Waziri alipokuwa anakohoa ili aanze hotuba, daraja likaenda chini na watoto wote. Mtoni walikuta nguzo zilizojazwa majani ya mgomba, na nondo za mianzi iliyopakwa rangi ya chuma. Wazazi walichimba kwenye tope kwa mikono. Baadhi waliwatambua watoto wao kwa soksi.

Safari hii nchi haikutulizwa kwa fimbo za kawaida. Watu walivunja maduka, wakapiga askari kwa mawe, wakatembea usiku na mchana wakitaka damu. Serikali, sikivu kama ilivyo, ikaamua damu itoke. Mahakama ilimhukumu Mheshimiwa Jabali Mkunde kuchapwa mpaka kufa.

Mheshimiwa alipokea hukumu kwa ujasiri ulioandikwa na magazeti yote. Kesho yake alikwenda Hosteli ya Wawakilishi, ambako Mbelwa alikuwa amefungiwa asije akapata ajali kabla ya siku. Madirisha ya hosteli yalikuwa na nondo za chuma halisi, maana hayakujengwa na Wizara ya Madaraja.

"Kijana wangu," Waziri alisema akijipangusa macho, "nitakukosa. Kumzoea mtu mwingine ni kazi. Lakini taifa litakukumbuka milele, kwa jina langu."

"Mheshimiwa, mimi nina mama."

"Sote tuna mama," Waziri alijibu kwa huzuni, akatazama saa.

Alasiri Sengo alikuja akasimama nje ya dirisha. Alikuwa amekonda. Walitazamana kupitia nondo, mmoja ndani, mmoja nje.

"Nimewaambia siwezi," Sengo alisema mwishowe. "Wamesema nikikataa atakuja Afisa Fimbo wa mkoa. Yule anaanza na miguu. Atakuchukua siku nzima." Alizishika nondo za dirisha. "Nikikupiga mimi, ya kwanza kabisa nitaipeleka kisogoni, kwa nguvu zangu zote. Hutazisikia zingine. Ndicho ninachoweza kukufanyia."

Mbelwa aliitazama mikono ya rafiki yake. Aliikumbuka ikimnakilia hesabu alipoumwa malaria. Hasira aliyoilea wodini ilikuwa bado ipo, lakini sasa ilionekana ndogo, ya mtu mwingine.

"Tulifeli wapi, Sengo?"

"Hatukufeli. Tulifaulu wote wawili, umesahau?"

*

Siku yenyewe uwanja ulijaa mapema. Wazazi wa watoto wa daraja walipewa nafasi ya mbele, na kila mmoja alipewa kofia yenye picha ya Waziri. Mheshimiwa alikula kiapo chake: "Wananchi, huyu ndiye mimi." Akaenda mwavulini. Siku hiyo, kwa heshima ya msiba, korosho zilikuwa hazina chumvi.

Mbelwa alilazwa, mikanda ikakazwa. Buti za Sengo zilisogea, zikasimama upande wa kichwa chake.

"Upo tayari?"

"Mama yangu yupo?"

"Simwoni."

"Basi piga. Piga kabla hajafika."

Sengo aliinua fimbo. Mbelwa alifumba macho akangoja. Akangoja tena. Kilichokuja hakikuwa fimbo. Kilikuwa kishindo cha kibao, kofi moja zito, kavu, la mkono uliozoea kukanda unga, nalo lilitoka upande wa mwavuli.

Bi Mwantumu alikuwa amepita katikati ya walinzi na beseni la maandazi kichwani. Walimzoea, walidhani ameleta vitafunio vya wakubwa. Aliweka beseni chini mbele ya Waziri, akajifuta mikono kwenye kanga, akampiga kofi.

"Mama yangu weee!" Mheshimiwa alipiga ukunga. "Naumia! Jamani, naumia!"

Sauti ile ilinaswa na kipaza sauti kilichokuwa karibu na mwavuli, ikaenea uwanja mzima. Watu walikuwa wameambiwa muda wote kwamba Mheshimiwa anaumia, na hakuna aliyewahi kumsikia akilia kweli. Baba mmoja wa mstari wa mbele, aliyekuwa ameshika soksi ya mwanawe, alivua kofia.

"Kumbe na huyu anaumia?" aliuliza.

Hakungoja jibu. Aliruka jukwaani na mstari mzima ukamfuata.

Mbelwa hakuona. Aliona miguu tu, miguu mitupu na malapa na viatu vya kanisani, ikipita mbio mbele ya macho yake kuelekea mwavulini. Alisikia kiti kikivunjika. Alisikia Waziri akisema, "Yule pale ndiye mimi! Yule pale!" mpaka sauti ikakatika, kisha ikabaki milio ya vitu vinavyovunjika ambavyo havikuwa mbao. Sahani ya korosho ilibingirika hadi chini ya benchi, ikiwa imelowa.

Ndipo risasi zikaanza. Askari walipiga kwanza juu, halafu katikati. Mwanamke mmoja alianguka mbele ya uso wa Mbelwa, macho wazi, wakatazamana. Sengo alikuwa amepiga magoti akikata mikanda kwa kisu. Wa miguuni ulikatika, wa kiunoni ukagoma.

"Kimbia wewe!" Mbelwa alipiga kelele. "Niache, kimbia!"

"Tulia. Usiinuke."

Sengo alitupa kisu akamlalia juu, kifua chake kipana kikafunika ule mgongo wote. Mbelwa alihisi mwili wa rafiki yake ukishtuka mara moja, halafu tena, kama mtu anayeshtushwa usingizini. Pumzi ya Sengo ilikuwa sikioni kwake. Damu ya moto ilimshukia shingoni, ikaingia kwenye makovu. Alimwita. Alimwita mpaka risasi zilipokoma, na pumzi ile ilikuwa imekoma zamani.

*

Taarifa ya serikali ilisema kwamba Mheshimiwa Jabali Mkunde amefariki baada ya kugongana na wananchi; kofi halikutajwa, hivyo hata aliyelipiga hakutafutwa. Siku za maombolezo zikatangazwa, bendera zikashushwa. Tatizo likawa moja. Kilichookotwa pale mwavulini kiliingia kwenye ndoo, na mazishi ya kitaifa yanahitaji mwili unaojaza jeneza. Wanasheria walikaa, wakafungua kifungu cha herufi za chawa, na mmoja akasema kwa furaha kwamba sheria haikutaja popote kuwa uwakilishi unakoma mtu akifa.

Wakamchukua Sengo mochwari, wakamvika suti ya Waziri.

Baba yake Sengo, Mzee Mhina, fundi baiskeli, alitembelewa na maafisa wawili. Walimpongeza. Walimweleza kuwa mwanawe, kijana wa kidato cha sita tu, atazikwa kwa mizinga na gwaride. Aliruhusiwa kuhudhuria, ila aliombwa asilie kupita kiasi, kwa kuwa yeye si ndugu wa marehemu.

Wiki hiyohiyo Mbelwa aliachishwa kazi. Afisa utumishi alimweleza kwa masikitiko kwamba fani imekua, watu wameona inavyoweza kumfikisha mtu kwenye mazishi ya kitaifa, hivyo sasa inahitaji shahada. Nje ya jengo foleni ya wahitimu wa chuo kikuu ilikuwa imezunguka mtaa, wengine wamevaa majoho, wakifanyiana mazoezi ya fimbo.

Siku ya mazishi Mbelwa alikwenda akiwa ameegemea bega la mama yake, ambaye jicho lake moja lilikuwa bado limevimba kwa kitako cha bunduki. Walimkuta Mzee Mhina nyuma kabisa ya umati, amevaa kanzu ya kuazima. Mizinga ililia. Rais alisoma wasifu: mjenzi wa taifa, mpenda watoto. Jeneza likaanza kushushwa, na mpiga mbiu akaamuru umati umwite marehemu kwa mara ya mwisho. Watu wakaitikia kwa sauti moja, "Mkunde!"

Mzee Mhina alimshika Mbelwa mkono.

"Mwanangu," alisema, "nami nimwite jina gani?"

Mbelwa aliutazama uso wa yule mzee. Kisha akauachia mkono wa mama yake, akajinyoosha hadi mbavu zikamchoma, akajaza kifua.

"Sengo!" aliita. "Sengo, mwana wa Mhina!"

Wapiga ngoma wa gwaride walisita. Umati uligeuka. Akaita tena, kwa nguvu zaidi, na mara hii sauti ya mzee ikaungana na yake, nyembamba, iliyopasuka, halafu ya Bi Mwantumu, halafu ya mtu mwingine asiyemjua, aliyekuwa ameshika soksi ndogo.

Askari walimfikia Mbelwa kwa marungu. La kwanza lilimpiga begani, la pili likamwangusha chini, nayo yaliyofuata yakatua palepale yalipozoea kutua fimbo. Mbelwa alikunja mikono juu ya kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ya kupigwa, alikuwa anapigwa kwa jambo alilolitenda mwenyewe, na kwa hilo hakulia kama mbuzi wala hakumtaja malaika yeyote. Alichungulia katikati ya buti. Umati ulikuwa bado unaita, na lile jina lilikuwa limefika hadi mstari wa mawaziri.